Kuchonga penseli kila asubuhi kunanituliza, lakini ncha zinavunjika: naomba ushauri

Mhasibu wa Ngaramtoni, Arusha

Habari zenu, ndugu zangu. Nina jambo dogo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu kabla ya kuliandika hapa, kwa sababu nilihofia kwamba litaonekana halina uzito. Kwangu mimi limekuwa na uzito, na ninaamini miongoni mwenu wapo watu wanaofanya kazi kwa mikono ambao wanaweza kunisaidia.

Ninafanya kazi ya uhasibu katika chama kidogo cha akiba na mikopo hapa mjini. Hesabu za mwisho huingizwa kwenye kompyuta, lakini kila kitu huanzia katika daftari kubwa la mistari, ambalo huliandika kwa penseli kwa kuwa tarakimu iliyokosewa kwa wino huchafua ukurasa mzima. Mwaka jana mwezi wa Julai, katika ile baridi yetu ambayo Mlima Meru hauonekani tangu alfajiri hadi adhuhuri, umeme ulikatika tukiwa katikati ya kufunga hesabu za nusu mwaka. Wenzangu walitoka kwenda kunywa chai. Mimi nilibaki mezani nikiwa na hofu, maana kulikuwa na tofauti katika hesabu ambayo nilikuwa nimeitafuta kwa siku mbili bila kuiona.

Nilivuta droo ili nichukue penseli, nikakuta zimo 11, na zote zilikuwa butu. Nilikuwa na kichongeo kidogo cha chuma ambacho binti yangu alikisahau katika mkoba wangu, basi nikaanza kuzichonga moja baada ya nyingine, nikikusanya maranda katika kisahani cha kikombe. Sikuwa na nia yoyote zaidi ya kupitisha muda. Lakini nilianza kuisikia ile sauti laini ya wembe ukila mbao, kisha ikaja harufu, kisha nikawa ninautazama ule utepe wa mbao unavyojikunja huku ukingo wake ukiwa na rangi ya penseli, mfano wa pindo la kanga. Nilipofika penseli ya nane nilitambua kwamba mabega yangu yalikuwa yameshuka na sikuwa nimekunja uso tena. Tofauti ile sikuipata siku hiyo. Niliipata kesho yake jioni. Ila mchana ule niliendelea kuitafuta bila ule moto wa kifuani.

Tangu hapo, kila siku ya kazi, saa mbili kasoro robo asubuhi kabla wenzangu hawajafika, ninachonga penseli tatu. Sichongi zaidi ya hapo. Ninazilaza upande wa kulia wa daftari, ninamwaga maranda, ndipo ninafungua ukurasa. Ni furaha ndogo, lakini ni furaha ya kweli, na nimeanza kuiwazia nikiwa bado ndani ya daladala.

Yanayonisumbua ni mawili. La kwanza ni kwamba mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia kuwa ninaikimbia kazi kwa kujifanya ninaiandaa. Maneno hayo yaliniingia, na mpaka leo sijajua namna ya kumjibu, wala sina hakika kama hana haki. La pili ni kwamba tangu mwezi wa Aprili karibu kila penseli inavunjika ncha ndani ya kichongeo, mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi penseli nzima inaishia kuwa kipande cha kidole, na ule utulivu wote unageuka kuwa hasira. Je, nitumie wembe kama tulivyokuwa tukifanya shule ya msingi? Au kisu? Ninaomba pia nisishauriwe kununua zile penseli za kubonyeza zisizochongwa. Ninazifahamu, na si ninachokitafuta.

Fundi seremala, Kiboriloni

Dada mhasibu, pokea salamu kutoka Moshi. Mimi ni seremala, nina karakana yangu hapa Kiboriloni, na kwa miaka 27 penseli imekaa nyuma ya sikio langu kila siku ya kazi. Nianze na kuvunjika kwa ncha, kwa kuwa hilo lina dawa.

Tazama maranda yanayotoka. Wembe wa kichongeo ukiwa na makali hutoa utepe mrefu kama ule ulioueleza, na ukiwa butu hutoa makombo na vumbi. Sasa wembe butu haukati; unasukuma na kukamua, na kile kijiti cheusi cha katikati, ambacho ni kigumu lakini hakipindi hata kidogo, kinavunjika kwa kukamuliwa. Ninaamini hilo ndilo lililokupata, kwa maana kichongeo cha mtoto wa shule kikichonga penseli tatu kila siku tangu Julai hadi Aprili, kimekwisha kazi. Kama ni cha chuma kina skrubu moja ndogo juu. Ifungue kwa bisibisi ndogo, weka wembe mwingine au nunua kichongeo kipya. Ukifungua, angalia pia kama kuna kipande cha ncha kimenasa ndani, kwa sababu kipande hicho hukaa njiani na kuvunja kila ncha inayokuja nyuma yake. Kitoe kwa sindano, usikigonge kichongeo mezani.

Ikiwa wembe ni mzuri na bado ncha zinavunjika, basi penseli zenyewe zimeanguka. Penseli ikidondoka sakafuni, nje haionekani kuwa na jeraha lolote, lakini ndani imepasuka mahali pengi. Penseli ya namna hiyo haina tiba. Itaendelea kukuvunjikia hadi iishe. Mimi huwa ninawaambia vijana wangu wa karakana kwamba penseli iliyoanguka kutoka juu ya kenchi ni ya kuchora mistari mifupi tu, wasiipoteze muda kwa kuichonga vizuri.

Sababu nyingine inatoka kiwandani. Penseli haitobolewi ikaingizwa kile kijiti. Hutwaliwa ubao mwembamba ukachimbwa mifereji, vijiti vikalazwa humo, kisha ubao wa pili wenye mifereji kama hiyo hugundishwa juu yake, ndipo zikakatwa moja moja. Chukua penseli mpya, itazame upande wa kitako usiopakwa rangi, utaona mstari mwembamba wa gundi. Mifereji ikikosewa, kijiti hakikai katikati, na ukichonga utaona upande mmoja mbao imepanda hadi karibu na ncha na upande wa pili iko chini. Ukiwa dukani, zitazame vitako kabla hujalipa. Mwenye duka hatakasirika.

Kuhusu kisu, mimi ninachonga kwa kisu na sitaacha, kwa sababu penseli yetu ya useremala ni bapa na haiingii katika kichongeo. Ukitaka kujaribu, kwanza kinoe kisu chako kwenye kinoo mpaka kikate karatasi bila kuirarua. Shika penseli kwa mkono wa kushoto, ncha ikitazama mbele, mbali na kifua chako. Kisu kilaze kwenye mbao kwa mkono wa kulia, halafu kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho kisukume mgongo wa kisu, taratibu. Mkono wa kulia hausukumi. Kazi yake ni kuelekeza. Wengi hukosea hapo, wanasukuma kwa nguvu za bega na kisu kinazama. Penseli yako ina pande sita, kwa hiyo toa randa moja kila upande, zungusha, rudia tena, na mbao ikishaisha usikikate kijiti kwa kisu, bali kisugue juu ya kipande cha msasa laini huku ukikizungusha. Ukisikia kisu kinang'ang'ania, umekwenda kinyume cha nyuzi, geuza.

Kuna jambo moja ninalipenda katika lugha yetu. Kisu tunakinoa, shoka tunalinoa, lakini penseli hatuinoi, tunaichonga, kwa neno lile lile tunalolitumia kwa kinu, mwiko na mtumbwi. Kunoa ni kukirudishia kitu makali yake ya zamani. Kuchonga ni kulitoa umbo ndani ya mti. Wewe kila asubuhi unafanya useremala mdogo pale mezani kwako, na ninaielewa furaha yako kwa sababu ndiyo iliyoniingiza katika kazi hii.

Na kama unaipenda harufu, nikuambie habari ya mti. Penseli nzuri za huko nje hutengenezwa kwa mwerezi wa California, kwa kuwa mbao yake ni laini, nyuzi zake zimenyooka na haipasuki ovyo. Lakini sisi tunao mtarakwa, ambao ndugu zetu Wamasai wanauita oltarakwai, na unaota katika miteremko mikavu ya Meru na ya Kilimanjaro. Waingereza waliupa jina la mwerezi wa penseli wa Afrika, kwa sababu enzi za ukoloni mbao zake zilitumika kutengeneza penseli. Watu wa huku waliupenda zaidi kwa nguzo za uzio, maana mchwa hawauwezi. Ninayo nguzo moja kuukuu hapa karakana, niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akivunja boma la ng'ombe. Nje ina rangi ya majivu kabisa, lakini ukiipitisha randa mara moja tu, inatoka rangi nyekundu na harufu ya droo yako ya penseli.

Mwalimu wa uchoraji, Sakina

Nimefurahi sana kulisoma swali hili, na nimemsoma fundi mara mbili. Ninafundisha uchoraji watoto wa darasa la tano na la sita, na kila kipindi changu huanza kwa dakika tano za kuchonga penseli bila mtu kuzungumza. Sikuanzisha utaratibu huo kwa ajili ya utulivu. Nilichoka na watoto kuinuka katikati ya kazi kwenda kuazima kichongeo. Baada ya muhula mmoja nikaona kwamba darasa lililochonga kwanza linachora kwa namna nyingine: mistari ni mirefu zaidi, watoto wanafuta mara chache, na hawatazami madaftari ya wenzao. Sijui kama watoto wenyewe wanaliona hilo. Mimi ninaliona kila wiki.

Kile ambacho fundi anakiita kijiti cheusi, wazee wetu walikiita risasi, na penseli yenyewe waliiita kalamu ya risasi. Jina hilo lilitokana na kosa la zamani sana. Katika karne ya 16, huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu waligundua madini meusi yaliyokuwa laini na safi kiasi cha kukatwa kwa msumeno yakawa vijiti vya kuandikia, na walidhani ni aina ya madini ya risasi. Kumbe ni kinywe, yaani grafiti, na hakina risasi hata chembe. Wakati wa vita, Ufaransa ilipokosa kinywe cha Waingereza, Nicolas-Jacques Conté alipata njia ya kusaga kinywe cha hali ya chini, kukichanganya na udongo wa mfinyanzi na kuvioka pamoja. Hataza yake, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, ni ya mwaka 1795, na mpaka leo penseli hutengenezwa hivyo. Kwa maneno mengine, ndani ya penseli kuna kitu kilichopita tanuruni kama chungu, ndiyo maana kinavunjika kama chungu.

Kwa dada mhasibu hili lina faida ya moja kwa moja. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na maandishi huwa hafifu. Hizo ndizo zenye herufi H. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi. Hizo ni za B. Katikati kuna HB. Mimi nikichora mawingu ya Meru ninatumia 4B, lakini ncha yake ndefu haidumu, huvunjika kwa kuguswa tu. Ukiwa umenunua za B bila kujua, nazo zinachangia tatizo lako. Kwa daftari la hesabu baki na HB. H itakuachia mikwaruzo kwenye karatasi ambayo kifutio hakiwezi kuiondoa.

Sisi wa Arusha hatuhitaji kwenda mbali kukijua kinywe. Wanaapolo, wale wachimbaji wa madini, wanapotoka chini ya ardhi kule Mererani huwa wamepakaa weusi unaong'aa mwili mzima, na weusi huo ni kinywe, kwa sababu tanzanaiti imelala ndani ya miamba yenye kinywe kingi. Nilipowaeleza wanafunzi wangu kwamba kilichomo ndani ya penseli zao ni kile kinachowapaka baba na kaka zao nyuso, darasa lilinyamaza, kisha mtoto mmoja akasugua ncha kwenye kidole chake, akakitazama kwa muda mrefu.

Pale tu ninapotofautiana na fundi ni kuhusu wembe na kisu. Kwa mtu mzima mwenye meza yake na muda wake, sawa. Kwa darasa la watoto 40, nimeshafunga vidole vya kutosha. Darasani tuna kichongeo cha kuzungusha kwa mkono, chenye kisanduku cha maranda, na ninapenda kumweleza fundi kwamba mmoja wa waliokibuni kifaa cha namna hiyo alikuwa seremala mwenzake, Mmarekani mweusi John Lee Love wa Fall River, Massachusetts, aliyepata hataza yake mwaka 1897.

Mama wa wawili, Pasua

Dada yangu, mimi si fundi wala mwalimu. Kila Jumapili usiku, nikishapiga pasi sare za wanangu, ninachonga penseli zao za wiki. Baba yao akiwa safarini, nyumba imenyamaza, watoto wamelala, hiyo ndiyo saa yangu. Nikizipanga katika mikoba yao huwa ninawaombea, na sijawahi kumweleza mtu hili.

Mwaka huu mkubwa yuko darasa la saba, na katika mtihani wao penseli inahitajika. Ameniambia kwamba sasa anataka kujichongea mwenyewe. Iliniuma kidogo. Tumekubaliana achonge za mtihani yeye, na za kawaida aniachie mimi. Nakuandikia ili ujue hauko peke yako.

Mchoraji ramani mstaafu, Moshi

Binti yangu mhasibu, nimevumilia nikisoma, lakini hilo la mwenzako wa ofisini limenifanya nishike simu ya mjukuu wangu na kuandika, naye ananisaidia.

Nilichora ramani za viwanja na mashamba kwa mkono kabla kompyuta hazijatufikia. Kila mchoraji alikuwa na kibao kidogo kilichobandikwa msasa, chenye ukubwa wa vidole viwili, kikining'inia kwa uzi pembeni ya meza. Tulichonga penseli za 2H na 4H kwa kisu, tukaacha kinywe kirefu nje ya mbao, kisha tukakisugua kwenye kibao hicho. Kwa kuandika namba tuliifanya ncha iwe mviringo kama mwiba. Kwa kuvuta mstari kwa rula tuliisugua pande mbili ikawa bapa kama patasi, kwa kuwa ncha ya mwiba huisha upesi na mstari ukaanza mwembamba ukaishia mnene. Mwisho tulipangusa vumbi lake kwa kitambaa, la sivyo lingeanguka kwenye ramani na kuichafua. Tulifanya hivyo mara 30 au 40 kwa siku, na hakuna msimamizi aliyewahi kutuambia kwamba tunaikimbia kazi.

Nikueleze kwa nini. Katika ramani ya 1:2500, mstari wenye unene wa nusu milimita unafunika mita moja na robo ya ardhi. Huku Kilimanjaro, ambako kihamba cha mtu, yaani shamba lake la ukoo, kimepakana na cha mwenzake kwa safu ya masale, mimea ya mpakani, na ndugu wamewahi kuacha kusalimiana kwa sababu ya hatua moja, mita moja na robo si kitu cha kuachia penseli butu. Kuchonga kulikuwa ndani ya kazi. Na wewe hali ni hiyo hiyo, kwa maana tarakimu 3 iliyoandikwa kwa ncha butu hufanana na 8, na 1 hufanana na 7, na fedha unazoziandika ni za watu waliojinyima.

Wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkono wake. Anayechonga mwiko kwanza haungui, na hakuna anayemwambia kwamba anachelewesha ugali.

Hata hivyo, nisimkatalie mwenzako moja kwa moja, kwa sababu nimewaona pia wachoraji waliokuwa wakichonga kwa hofu. Kijana amepewa ramani ngumu, anachonga, anasugua, anapangusa, anachonga tena, saa nzima karatasi ni nyeupe. Tofauti nilikuwa ninaijua kwa kutazama kinachofuata. Yule aliyechonga kwa utulivu alipokiweka chini kile kitambaa, mkono wake ulikwenda kwenye rula bila kusita. Yule mwenye hofu alikwenda kutafuta penseli nyingine. Wewe unachonga tatu, unamwaga maranda, unafungua ukurasa. Sioni hofu hapo. Siku utakayojikuta umechonga ya nne na ya tano na daftari bado limefungwa, siku hiyo iache penseli, ulifungue daftari hivyo hivyo hata kwa ncha butu, uandike mstari mmoja. Nilikuwa ninawaambia vijana wangu hivyo, na wengi iliwasaidia.

Nami bado ninachonga. Macho hayaniruhusu kuvuta mistari, lakini vidole vinaikumbuka kazi, na kila asubuhi nikishakunywa kahawa yangu ninachonga moja, ninaandika tarehe na hali ya mlima: umefunguka, au umefungwa.

Mhasibu wa Ngaramtoni, Arusha

Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mliyoniambia, ndipo nirudi na majibu.

Fundi, ulikuwa sahihi kuhusu wembe. Nilifungua skrubu, nikakuta kipande cha ncha kimenasa kwenye kona na wembe umeota kutu. Nilinunua kichongeo kipya katika duka la vifaa vya shule karibu na Mnara wa Saa, na nikazitazama vitako penseli zote za boksi moja kabla ya kuchagua 12. Muuzaji aliniuliza ninatafuta nini, nikamweleza, naye akaanza kuzitazama pamoja nami. Tulitenga tano ambazo kijiti chake kilikuwa pembeni. Katika zile 12 nilizonunua, wiki tatu sasa, imevunjika ncha moja tu, na hiyo niliidondosha mwenyewe.

Zile za zamani pia nimezielewa. Droo yangu ilianguka yote mwezi wa Machi tulipokuwa tukihamisha meza. Nilikuwa nimelisahau kabisa tukio hilo mpaka niliposoma maneno yako kuhusu penseli zilizoanguka.

Kisu nimekijaribu nyumbani, si ofisini. Mara ya kwanza nilisukuma kwa bega, kama ulivyotabiri, na penseli ikatoka na mabonde. Mara ya nne kidole gumba kilielewa. Kisu kimenifundisha kitu ambacho kichongeo kilikuwa kinanificha: ninauhisi ule mpaka ambapo mbao inakwisha na kinywe kinaanza, sauti inabadilika kabisa, inakuwa kavu. Kwa hiyo nimeamua hivi: asubuhi za kazi ninatumia kichongeo, na Jumamosi jioni ninachonga moja kwa kisu pale kibarazani, binti yangu akiwa ameketi karibu. Yeye bado sijamruhusu kushika kisu, mwalimu, ila maranda anayakusanya na kuyaweka katika kopo la majani ya chai, anasema ni kwa ajili ya kabati la nguo.

Mama wa wawili, ujumbe wako niliusoma ndani ya daladala na ilinibidi nigeukie dirishani. Ninamwombea mwanao kwa mtihani wake.

Mzee, kwa yule mwenzangu sikutumia maneno mengi. Nilimwonyesha ukurasa mmoja wa mwezi wa Juni mwaka jana na ukurasa mmoja wa mwezi huu, nikamwomba anisomee safu ya tatu katika kurasa zote mbili. Ule wa zamani alikwama mara mbili kwenye 3 na 8. Hakusema kitu, alirudi mezani kwake. Juzi asubuhi aliwahi kufika, akasimama mlangoni hadi nilipomaliza ya tatu, kisha akaniuliza kama kichongeo kile ninaweza kumwazima. Nilimwazima. Alivunja ncha ya kwanza kwa haraka, ya pili ikatoka nzuri.

Na siku moja, mzee, nilichonga ya nne. Ilikuwa Jumatatu ya ukaguzi. Nilipoishika ya tano nilikukumbuka, nikaiweka chini, nikafungua daftari na kuandika tarehe.

Limebaki ombi moja kwa fundi. Ile nguzo ya mtarakwa, je, unaweza kuniuzia kipande chake kidogo, chenye urefu wa shubiri moja? Nataka kutengeneza kibao cha msasa kama cha mzee, na ningependa kiwe cha mti huo. Nitakuwa Moshi mwisho wa mwezi kwa shughuli za chama.

Fundi seremala, Kiboriloni

Dada, kipande hakiuzwi, kipo kwa ajili yako. Nimeshakikata asubuhi hii, vidole viwili kwa shubiri moja, na nimekitoboa tundu la uzi kama alivyoeleza mzee. Msasa sijaubandika, kwa sababu nataka uje ukipige randa kipande hicho ubavu mmoja kwa mkono wako mwenyewe kabla harufu haijafunikwa na gundi. Ukifika Kiboriloni ulizia karakana iliyo nyuma ya soko, yenye mlango wa bluu. Uje na penseli moja kati ya zile zilizoanguka pamoja na droo, tuipasue katikati, nikuonyeshe zilivyovunjika ndani.